Kifaransa cha Kujenga Hoja

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa Gredi ya 9, walipokutana kujadili uchaguzi wa masomo ya Sekondari Pevu.

 

Kwanza nieleze mipaka. Shule za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, na walimu wake huajiriwa na TSC. Kaunti inashughulikia chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na maktaba za umma. Sikuja kuahidi mwalimu wala darasa. Nimeombwa nizungumzie Kifaransa, somo linalopatikana katika mkondo wa Sayansi ya Jamii, na ambalo si la lazima. Somo lisilo la lazima huishi kwa idadi ya wanaolichagua. Wakijitokeza wanafunzi wanne pekee, mkuu wa shule ataanza kujiuliza kama mwalimu huyo hafai kupewa vipindi vingine, na mkondo huo ukifungwa, mdogo wako hataukuta.

Swali ninaloulizwa na wazazi ni moja: Kifaransa cha nini, na hapa hatuna Wafaransa? Mzazi, usitazame Paris. Tazama lori linalotoka bandari ya Mombasa, likavuka Malaba au Busia, likapita Uganda na kuishia Goma au Bunia. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mashariki ya nchi hiyo Kiswahili kinasemwa sokoni na barabarani, kwa hivyo dereva wetu atakula, atalala na kununua vipuri bila shida. Shida huanza anapopewa karatasi. Hati ya forodha, mkataba, barua ya wakili, vyote huandikwa kwa Kifaransa, ndiyo lugha rasmi ya serikali. Mwenye kuweza kusoma karatasi hiyo na kuuliza kuhusu kifungu cha tatu ndiye anayetafutwa. Mwenye kujua “bonjour” tu tunao wengi.

Hapo ndipo neno “kiwango cha juu” linapata maana. Kuna mtihani wa kimataifa uitwao DELF, wenye ngazi nne: A1, A2, B1 na B2. Hapa Kenya hufanywa kupitia Alliance Française, yenye vituo Nairobi na Mombasa, na cheti chake hakiishi muda. Vyuo vikuu vingi vya Ufaransa vinavyofundisha kwa Kifaransa huomba angalau B2. Katika sehemu ya kuzungumza ya B2, mtahiniwa hupewa makala fupi, hujitayarisha kwa dakika 30, kisha kwa takriban dakika 20 hueleza msimamo wake na kuutetea mbele ya watahini wanaompinga. Huwezi kukariri jibu la mtu ambaye hujui atakupinga vipi. Kwa hivyo darasa la Kifaransa la Gredi ya 11 au 12 ambamo wanafunzi wananakili ubaoni kimya, nasema kwa heshima, halijafika huko.

Ubishi wenye mpangilio ni sehemu ya utamaduni wenyewe. Mwanafunzi wa Ufaransa anapomaliza sekondari hufanya mtihani wa falsafa wa saa nne, na kwa kawaida huchagua swali moja la kulijadili kwa insha. Anafundishwa kutoa hoja, kutoa pingamizi, kisha kuzipima. Vijana wetu walio katika vilabu vya mijadala wanaijua kazi hii, wanafanya kwa Kiingereza na Kiswahili kila muhula. Walimu wa Kifaransa wanaweza kuwakopa hao.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma kidogo. Watoto wetu hufundishwa Kifaransa kwa maelezo ya Kiingereza, na pale penye ugumu Kiingereza hakisaidii. Chukua sentensi “Nataka aende.” Kitenzi kimebadilika mwisho, a ikawa e, kwa sababu ni jambo linalotakwa, halijatendeka. Kifaransa hufanya vivyo hivyo: “Je veux qu’il aille.” Wanaita subjonctif, na huwatesa sana wanaojifunza. Lakini mtoto aliyesema “niende, nisiende?” tangu akiwa na miaka mitatu tayari ana wazo lenyewe kichwani, kilichobaki ni kujifunza maumbo, na hayo, ni kweli, yamejaa vitenzi vikaidi.

Chukua tena “Ninamwona.” Mtendwa ametangulia mzizi wa kitenzi. Kifaransa: “Je le vois.” Kiingereza humweka mwisho. Au “barua nilizoandika”: hiyo -zo- ni o-rejeshi inayofuata ngeli ya barua. Kwa Kifaransa, “les lettres que j’ai écrites”, mwisho wa kitenzi nao hufuata jinsia na wingi wa barua. Mwanafunzi aliyetoka jasho na upatanisho wa kisarufi katika kipindi cha Kiswahili hapaswi kuambiwa kwamba hili ni ajabu la Wazungu. Hata “vous” ya heshima: mtoto aliyelelewa akimwamkia mzee “shikamoo” na rafiki “mambo” hahitaji mhadhara mrefu kuielewa.

Ningependa mwalimu wa Kifaransa na wa Kiswahili waketi meza moja mara moja kwa mwezi. Halina gharama hilo.

Kuhusu vitabu, mnara wa Eiffel na mkate mrefu vinatosha kwa wiki ya kwanza. Mwanafunzi wa kiwango cha juu apewe Une si longue lettre ya Mariama Bâ wa Senegal, kilichotoka mwaka 1979. Ni kitabu kifupi, mjane akimwandikia rafiki yake akiwa katika eda. Eda, uke wenza, mashemeji wanaofika kwenye matanga na mipango yao: hakuna mtoto wa kaunti hii atakayehitaji kuelezwa hayo. Kimetafsiriwa kwa Kiswahili kama Barua Ndefu Kama Hii. Asome sura kwa Kiswahili usiku, kesho darasani aisome kwa Kifaransa na kubishana na wenzake kama mjane alifanya sawa kubaki katika ndoa. Yupo pia Camara Laye wa Guinea na L’Enfant noir ya mwaka 1953. Kifaransa cha Afrika kina ladha zake. Mkongo na Mrundi husema “septante” kwa 70 na “nonante” kwa 90, kama Wabelgiji, ilhali vitabu vyetu vya shule hufundisha vya Paris, “soixante-dix” na “quatre-vingt-dix”. Karani wa mizigo asiyejua hilo atapoteza muda kwenye bei.

Kwa wasio na vitabu, ipo redio. RFI hutangaza habari kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na ina kipindi cha dakika kumi cha habari kwa Kifaransa rahisi, Le Journal en français facile. Sikiliza habari ya Kiswahili kwanza ujue kilichotokea, kisha ile ya Kifaransa. Simu ya mzazi inatosha, mradi bando isiishie kwenye video za kuchekesha.

Sitawaambia kwamba Kifaransa ni kazi ya uhakika. Ada ya DELF hulipwa kando, na mtoto asiyependa kusoma hatafika B2 kwa sababu tu alichagua somo. Ila anayependa, msimzuie kwa kisingizio kwamba hatuna Wafaransa.

Fomu za kuchagua masomo ziko kwa mwalimu wa darasa. Maswali ya vipindi na mtihani, walimu wa Kifaransa wameketi safu ya mbele. La vitabu ni letu kaunti: mnaotaka nakala za Mariama Bâ katika maktaba ya umma, andikeni majina yenu na ya shule kwenye karatasi iliyo mlangoni, nami nitaiwasilisha Jumatatu kwa idara husika.