Madaftari Mawili ya Mbao



Kila mkulima wa pamba wa Shinyanga na Geita aijua mizani. Chama cha msingi hupima pamba na kuandika kilo zake. Kiwanda cha kuchambua pamba nacho hupima tena. Madaftari hayo mawili yakihitilafiana, katibu huulizwa. Biashara ya mbao za miti migumu baina ya nchi na nchi hukaguliwa kwa njia iyo hiyo: nchi inayouza huandika thamani ya mbao zilizotoka, na nchi inayonunua huandika thamani ya mbao zilizoingia.

Tofauti ndogo si ajabu. Kwa kawaida muuzaji huandika bei ya bandarini kabla ya safari, na mnunuzi huongeza nauli ya meli na bima. Kadhalika, shehena iliyopakiwa Desemba yaweza kuingia katika hesabu ya mnunuzi ya mwaka unaofuata. Lakini sababu hizo haziwezi kuifanya moja iwe kumi.

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, lichunguzalo biashara ya wanyamapori na mimea, lilitoa taarifa juu ya uvunaji wa misitu ya kusini mwa Tanzania. Taarifa hiyo ilionyesha kwamba mazao ya misitu ambayo China iliandika kuyapokea kutoka Tanzania yalikuwa mara kumi ya yale yaliyoandikwa na Tanzania. Yaani katika kila sehemu kumi, tisa hazikuonekana katika daftari la nyumbani. Isiyoandikwa haitozwi ushuru, na ushuru usiotozwa haujengi zahanati.

Anayelinganisha miaka hana budi pia kutenga thamani na wingi. Kwa mfano, nchi iliyouza mita 1,000 za ujazo kwa dola 300 kila mita, kisha ikauza mita 500 kwa dola 600, itaonyesha dola 300,000 mara zote mbili. Fedha ni zile zile, bali miti iliyoanguka ni nusu. Shilingi nayo hubadilika thamani. Kwa hiyo kupanda kwa tarakimu za shilingi peke yake si dalili ya biashara kukua.

Mambo haya hayako mbali na wanachama. Kahama na Bukombe ni nchi ya mninga, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita huhitaji matimba ya kushikilia kuta za maduara yao. Shinyanga nayo ilikwisha kuonja ukame wa ardhi tupu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta zipatazo 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Maendeleo hayo yalijulikana kwa sababu yalipimwa.

Basi, chama chenye msitu au kinachonunua mbao yafaa kiandike aina ya mti, mita za ujazo, bei, mnunuzi, na namba za kibali na hati ya kusafirishia. Magogo na mbao zilizopasuliwa ziandikwe mbalimbali, kwani gogo likipasuliwa hupungua. Daftari la taifa huanzia kijijini. Lisipojazwa huko, hakuna bandari itakayolisahihisha.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.