Kiwewe: kwa nini takwimu za nchi hutofautiana

Mazungumzo na familia zetu, Al Twar, Dubai

 

Ninapotembelea familia nasikia sana neno hili: "Hayo ni maradhi ya Wazungu. Sisi shida tumezoea." Anayelisema pengine hajalala usiku kucha. Ndege ikinguruma kutoka uwanjani, hapa jirani, anaruka kitandani. Mimi pia nilikuwa mkimbizi, na neno hilo nalijua tangu kambini. Leo tulipime kwa takwimu.

Kiwewe ni jeraha linalobaki akilini baada ya tukio la kutisha: majinamizi, kushtukashtuka, kukwepa kila kinachokukumbusha, hasira za ghafla. Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja na kumvurugia mtu maisha, madaktari huziita ugonjwa.

Kanada, utafiti uliochapishwa 2008 ulikuta asilimia 76.1 ya watu wazima wamewahi kupatwa na tukio la kutisha, na asilimia 9.2 wamewahi kuugua. Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta waliopatwa ni asilimia 73.8, lakini waliougua ni asilimia 2.3 tu. Ukiishia hapo utasema, "Si nilisema? Waafrika tuna moyo mgumu."

Sasa tazama mashariki mwa Kongo. Utafiti uliochapishwa 2010, katika baadhi ya maeneo ya Ituri na Kivu, ulikuta nusu ya watu wazima wana dalili za ugonjwa huu. Hao nao ni Waafrika. Tofauti yao ni vita isiyokwisha. Uchunguzi kati ya wakimbizi wa Sudan na wenyeji wa West Nile, Uganda, uliochapishwa 2004, ulionyesha kwamba kadiri watu walivyopitia mambo mengi ya kutisha, ndivyo wagonjwa walivyozidi miongoni mwao.

Tena liko suala la kuulizwa. Kanada watu walihojiwa kwa simu. Afrika Kusini walifuatwa majumbani. Fikiria wewe ukiulizwa sebuleni kuhusu usiku ule, na mama mkwe yuko jikoni anasikia. Ungejibu nini? Na wengi wetu hatusemi "kiwewe". Tunasema moyo unaenda mbio, kichwa kinawaka moto, au kuna jini. Fomu isiyo na maneno hayo haitakuhesabu.

Kwa hiyo takwimu ndogo ya nchi haimaanishi kwamba watu wake hawaumii, na haikuambii wewe binafsi una nini. Kati yetu wapo wazee waliotoka Unguja baada ya Januari 1964, na wapo waliotoka Kivu juzi tu. Wengi waliopatwa na makubwa hawaugui. Anayeugua si dhaifu, wala hajapungukiwa imani.

Na anatibika. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe, wasio madaktari, walifundishwa kuwasaidia wenzao kutoka Rwanda na Somalia kusimulia yaliyowapata, hatua kwa hatua, kwa vikao vichache. Matokeo yalichapishwa 2008. Miezi kadhaa baadaye, karibu 7 katika kila 10 waliopata vikao hivyo hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa. Kwa wale waliofuatiliwa tu bila vikao, hawakufika 4 katika 10.

Ukienda kwa daktari, usisubiri akuulize kuhusu vita. Mwambie: silali, naota mambo yale yale, nashtuka mlango ukigongwa, yameanza tangu lini. Sheria ya afya ya akili ya Emirates ya mwaka 2023 inalinda siri ya mgonjwa. Usimfanye mtoto wako mkalimani wa mambo haya. Tuambie, tutakutafutia mtu mzima. Na mumeo, mkeo au jirani akikwambia halali, usimjibu kwamba sisi tumezoea. Muulize tangu lini, kisha umsindikize.