Mikono ya Mzee Juu ya Mikono ya Kijana

Somo: 2 Wafalme 13:14-19 na 25

Asubuhi hii nataka twende pamoja kumtazama mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ni nabii Elisha, na Biblia haifichi kwamba ugonjwa huu ndio uliomwua.

Ukitaka kujua Elisha alikuwa mzee kiasi gani, hesabu wafalme. Aliitwa siku za Ahabu, akiwa shambani analima kwa ng'ombe. Baadaye ni yeye aliyemtuma kijana mmoja wa manabii kwenda kumtia Yehu mafuta. Yehu akatawala miaka 28. Mwanawe Yehoahazi akatawala miaka 17. Na sasa anayeingia mlangoni ni Yoashi, mjukuu wa Yehu. Katika miaka hiyo kama 45 ya babu na baba, Kitabu cha Wafalme hakimtaji Elisha hata mara moja. Mtu aliyemfufua mtoto wa yule mama Mshunami, aliyemwagiza Naamani akaoge Yordani, alikuwa amezeeka kimya kimya, na habari zake hazikusimuliwa tena.

Yoashi naye hakuwa mtu wa kutazamiwa katika nyumba ya nabii. Alishika njia mbaya za Yeroboamu, wala hakuziacha. Lakini alikuwa kijana mwenye hofu. Watu wa Shamu walikuwa wamelipiga jeshi la baba yake mpaka wakabaki wapanda farasi 50, magari 10 na askari wa miguu 10,000. Huo ndio urithi aliopewa. Basi akashuka kwa mzee, akamlilia usoni pake, akamwita baba, tena kwa maneno yale yale ambayo Elisha mwenyewe aliyalia siku Eliya alipochukuliwa mbinguni. Fikiri mzee alivyojisikia, kulisikia tena kilio chake cha ujana, safari hii akililiwa yeye.

Ndugu zangu, tazameni alivyojibu. Hakumwambia Yoashi anyamaze. Hakumwambia kwamba atapona. Alimwambia alete upinde na mishale. Kisha akamwambia aweke mkono wake juu ya upinde, na yeye mgonjwa akaweka mikono yake juu ya mikono ya mfalme. Mimi hapa husimama kila nisomapo. Mikono ya mtu aliye karibu kufa tunaijua. Imekonda, ina baridi, inatetemeka. Haiwezi tena kuuvuta upinde. Lakini iko juu ya mikono yenye nguvu, na dirisha la mashariki limefunguliwa, kuelekea ng'ambo ya Yordani, kule ambako Hazaeli wa Shamu alikuwa amenyang'anya nchi. Akamwambia, piga. Akapiga.

Sisi tunawatazamaje wagonjwa wetu? Mara nyingi twaenda kundi zima, na sukari na mikate. Twaimba, mmoja anaomba kwa sauti kubwa, wote twasema utapona, twanywa chai, twaaga. Sisemi ni vibaya. Lakini vijana wengi huachwa nje uani, kana kwamba kufa si habari yao, na yule mgonjwa hakuna aliyemuuliza kama ana neno la kumpa mtu.

Katika vilima vya Murang'a alikuwako mzee mmoja mwenye saratani ya koo. Ilifika mahali hawezi kumeza ila uji mwepesi na ile dawa ya maji ya mofini ya kutuliza maumivu. Watoto wake walikuwa Nairobi. Walituma pesa kwa simu, nao wakamwajiri kijana wa boda boda ampeleke kliniki. Kijana huyo kanisani hakuonekana, na sifa zake pale stendi hazikuwa njema. Kazi yake ilikuwa kumleta mzee nyumbani na kuondoka. Siku moja mvua ilimzuia, akakaa. Mzee akamwambia, kwa sauti ile iliyokwisha kukauka, "Kijana, mimi ninakufa, na watu wote wa nyumba hii wanakataa nisilitaje jambo hilo." Kijana hakujua la kusema. Akamjibu, "Basi niambie mimi, mzee."

Tangu siku hiyo alikuwa akija hata siku zisizo za kliniki, naye akaanza kumwita Guka, kama wajukuu wa nyumba hiyo. Majirani wakasema analiwinda shamba. (Kwetu, ukimpenda mzee asiye wa ukoo wako, neno la shamba halikosi kuletwa.) Kumbe mzee alikuwa akimfundisha kuunganisha miparachichi. Walikaa kibarazani, kijana ameshika kisu, na mzee ameweka mikono yake juu ya ile ya kijana, kumwonyesha jinsi ya kupasua shina la mparachichi wa kienyeji na kuchongea kikonyo cha Hass kiingie sawasawa, gome kwa gome, ndipo wafunge kwa nailoni. Miche hiyo huchukua miaka kadhaa kuzaa. Wote wawili walijua mzee hatayala matunda yake.

Wala msidhani urafiki huo ulikuwa wa maneno matamu tu. Mzee alikuwa mkali. Kijana akiharakisha, alikuwa akiutupa mche chini. Maumivu yalipozidi alimfukuza, na kesho yake akauliza mbona amechelewa. Elisha naye alikasirika pale kitandani. Alimwambia Yoashi apige chini kwa mishale, Yoashi akapiga mara tatu, akaacha. Mtu wa Mungu akamghadhibikia, maana ingalimpasa kupiga mara tano au sita. Mtu mwenye siku chache hana nafasi ya kusema kwa kuzunguka. Anayemtazama mgonjwa na avumilie ukali huo, kwa sababu mara nyingi ndani yake ndimo lilimo lile neno alilokuwa akilitunza.

Elisha akafa, wakamzika. Yoashi akampiga Ben-hadadi, mwana wa Hazaeli, mara tatu, akairudisha miji ya Israeli. Mara tatu, kama mishale ilivyokuwa.

Yule mzee naye tulimzika. Kijana alikuja na pikipiki yake, akasimama nyuma ya watu wote. Miche 20 waliyoiunganisha, 13 ilishika. Mjane wa marehemu alimwita mbele ya jamaa, akampa kile kisu.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, twawakumbuka mbele zako wale waliolala asubuhi hii katika vyumba vya nyuma, ambao madaktari wamemaliza dawa zao. Uwatulize maumivu. Uwape kijana mmoja wa kukaa nao, hata kama hajui kuomba. Na yule anayesita mlangoni, umwingize ndani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.