Maneno ya Kumkumbuka Mama Andrée Blouin

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wafanyakazi wa mgodi na jamaa zao. Tunayachapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini wasiweze kufika.)

Wandugu wafanyakazi, wababa na wamama, na ninyi vijana,

Tunapokutana tumezoea kuita majina ya wanaume. Tunamwita Patrice Lumumba. Tunawaita Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa pamoja naye karibu na Elisabethville tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Ni vema, wala tusiache. Lakini leo tunaita jina la mama mmoja. Wengi wenu hamkulisikia shuleni, na watoto wenu hawalisikii hata sasa. Jina lake ni Andrée Blouin.

Hakuzaliwa Kongo. Hakuwa na shamba wala kaburi la babu katika inchi yetu. Hata hivyo alipoitwa mwaka wa 1960 aje kuwaamsha wamama wa Kongo, alikuja. Tunataka mjue kwa nini alikuja, maana sababu yake ni jambo la kila nyumba ya mfanyakazi.

Alizaliwa tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili 1921 katika Oubangui-Chari, inchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Baba yake alikuwa Mfaransa mfanya biashara. Mama yake, Joséphine Wouassimba, alikuwa msichana wa miaka kumi na minne tu. Mtoto alipofika miaka mitatu alitolewa mikononi mwa mama yake, akapelekwa Brazzaville, katika nyumba ya masista iliyowekwa kwa wasichana machotara. Alikaa humo miaka kumi na minne. Walikula vibaya, walipigwa, na walifundishwa kwamba mama zao ni watu wa aibu. Alipokuwa na miaka kumi na saba alitoroka, akajitafutia chakula kwa kushona nguo.

Msifikiri kwamba mambo haya yalikuwa ya Wafaransa peke yao. Kwetu pia Bula Matari aliwatoa watoto machotara kwa mama zao, akawafungia katika nyumba za misioni mbali na kwao. Wamama wawili, watatu wa kijiji kimoja waliweza kulia usiku mmoja, wala hapakuwa na tribinali ya kuwasikiliza. Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2024, korti ya rufani ya Bruxelles ilihukumu kwamba serikali ya Ubelgiji ilitenda kosa juu ya ubinadamu kwa kuwateka watoto wa namna hiyo. Waliopeleka shauri walikuwa wanawake watano, wazee sasa, waliochukuliwa walipokuwa wadogo. Zaidi ya miaka sitini ilipita baada ya uhuru kabla ya neno lile kusemwa.

Sasa tufike kwenye jambo lililomfanya Andrée Blouin kuwa mtu tunayemkumbuka.

Mwaka wa 1946, huko Bangui, mtoto wake René alishikwa na malaria. Alikuwa na miaka miwili. Dawa ya ugonjwa ule ilijulikana, nayo ni kinini. Lakini kwa sheria ya wakati ule kinini iliwekwa kwa ajili ya wazungu, na mwenye kuitaka alipaswa kuwa na karata yake. Baba wa mtoto alikuwa mzungu. Mama yake alikuwa chotara. Basi wakubwa walifanya hesabu ya damu, wakaona kwamba mtoto ni Mwafrika kwa robo moja. Robo ile ilitosha. Mama aliwaomba wakubwa, wakakataa. Mtoto akafa.

Wazee wetu wanasema: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wamama mliozika watoto mnalijua neno hili kuliko sisi tunaolisema. Mama Blouin angeweza kukaa na uchungu wake nyumbani, wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliuliza swali. Aliuliza: kama mtoto wangu amekufa kwa sheria, ni watoto wangapi wengine wanakufa kwa sheria hiyo hiyo, na mama zao hawajui kwamba ni sheria, wanadhani ni uchawi au ni Mungu? Alianza kuipiga vita sheria ya kinini. Baadaye aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba kifo cha mtoto yule ndicho kilichomfundisha siasa kuliko kitu kingine chochote.

Wandugu wa Lubumbashi, hesabu ya namna hii mnaijua. Wabelgiji walipojenga Elisabethville waliacha uwanja mtupu wa mamia ya metre kati ya mji wa wazungu na mji wa watu weusi. Walisema ni kwa sababu ya mbu, ili asiruke kutoka kwa mtu mweusi kwenda kwa mzungu. Lupitalo ya wazungu ilikuwa yake, na ya watu weusi yake. Mbu haangalii ngozi, lakini sheria iliangalia. Mti wa kinini wenyewe ulilimwa kwetu Kivu, kwa mikono ya watu weusi.

Katika kampi za mgodi dawa zilitolewa, na posho ilitolewa, wazee wetu hawakatai. Watoto walipimwa uzito, na wamama walifundishwa namna ya kuwalisha. Lakini kampani ilihesabu mtoto wa mfanyakazi kama mfanyakazi wa kesho. Na siku wafanyakazi waliposimama kuomba mshahara unaotosha, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1941, walipigwa risasi Elisabethville. Mtu anayekupa dawa kwa faida yake anaweza kuizuia kwa faida yake. Dawa ya mtoto inakuwa haki siku ile tu ambapo wazazi wenyewe wana sauti katika inchi. Hili ndilo alilolijua Mama Blouin mapema, naye alilipa bei kubwa kulijua.

Baadaye aliolewa na mhandisi Mfaransa, André Blouin, na kazi ya mume wake iliwapeleka Guinea. Huko aliingia katika vita vya uhuru pamoja na watu wa Sékou Touré. Tarehe 28 mwezi wa tisa 1958 watu wa Guinea walipiga kura ya kukataa kubaki chini ya Ufaransa, na tarehe 2 mwezi wa kumi wakapata uhuru wao. Hapo aliona kwa macho yake kwamba neno «hapana» la watu wadogo, likisemwa pamoja, linaweza kuondoa serikali kubwa.

Ndipo alipokutana na Wakongo wa chama PSA, chama cha Antoine Gizenga na Pierre Mulele. Walimwomba aje kuwapanga wamama, naye alikubali. Mwezi wa nne 1960 ulianzishwa Mwungano wa Wanawake kwa Mshikamano wa Afrika. Alizunguka Kwilu, Kwango na Kasai, katika njia za mchanga, kijiji kwa kijiji. Katika muda wa miezi miwili hivi wanawake walioandikwa walifika 45.000.

Tusimame kidogo juu ya hesabu hii. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 wanawake wa Kongo hawakuwa na kura. Wanaume peke yao ndio waliochagua. Wanawake walipata kura mwaka wa 1967. Basi wale 45.000 waliandikwa katika mwungano wakati hakuna mtu wa siasa aliyehitaji kura zao. Hawakuahidiwa kiti wala mshahara. Walikuja kwa sababu waliyoyasikia yalikuwa mambo ya nyumba zao.

Na waliyasikia mambo gani? Kwamba kila mwanamke ajifunze kusoma na kuandika. Kwamba wamama wafundishane usafi na namna ya kulinda watoto na magonjwa. Kwamba pombe, inayokula mshahara kabla haujafika mezani, ipigwe vita. Kwamba mwanamke aliyeachwa na mtoto aliyeachwa wapate mtu wa kuwasimamia. Kwamba haki za mwanamke zitambuliwe. Mnaona, wandugu, hakuna hapo neno la kutisha. Mama yeyote mwenye akili angeyasema katika lopango lake. Lakini wakubwa wa Bula Matari walimwogopa mwanamke huyu, na magazeti ya Ulaya yalimwandika kwa majina machafu, kwamba ni mkomunisti, kwamba ni mwanamke mbaya. Ni desturi ya zamani. Mwanaume akisema juu ya inchi anaitwa mwanasiasa. Mwanamke akisema maneno yale yale, watu wanauliza analala wapi.

Uhuru ulipofika tarehe 30 mwezi wa sita 1960, Lumumba alimpa kazi ya mkuu wa protokoli katika serikali yake. Ilikuwa kazi ya wiki chache tu. Tarehe 14 mwezi wa tisa Mobutu alishika nguvu. Mama Blouin alifukuzwa katika inchi, akatengana kwa muda na watoto wake, yeye ambaye katika utoto alitengwa na mama yake. Alikaa Algeria, kisha Ufaransa, na huko nyumba yake ilikuwa mlango wazi kwa Waafrika waliokimbia kwao. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1983. Alifariki Paris tarehe 9 mwezi wa nne 1986, akiwa na miaka sitini na minne. Mobutu alikuwa bado anatawala.

Kuna watu watakaosema: basi alishindwa. Tunawajibu: tazameni vizuri. Sheria ya kinini imekwisha. Uwanja wa mbu umekwisha. Mwanamke wa Kongo anapiga kura. Lakini hatutawadanganya kwamba kazi imekwisha. Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria, na wanaokufa zaidi ni watoto wasiofika miaka mitano. Leo hakuna karata ya ngozi mlangoni mwa lupitalo, lakini kuna karata ya feza. Mtoto wa mwenye feza anapata dawa, na wa mwingine anarudishwa nyumbani mgongoni mwa mama yake. Na sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kuingia kazini. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka wa 2016 tu. Miaka ishirini na tisa, wandugu, katika inchi huru!

Kwa hiyo kumkumbuka Mama Blouin ni kuchukua jembe lake. Kidole kimoja hakiwezi kuua chawa. Katika kila mtaa wako wamama wanaofanya kazi yake leo bila jina na bila mshahara: yule anayefundisha jirani zake kusoma jioni, yule anayekimbia usiku na mtoto wa mwingine kwenda dispanseri, yule anayempa chakula msichana aliyefukuzwa kwao. Wababa, msiwaite wamama hawa watu wasio na kazi. Msiwafungie mlango wanapotoka kwenda mkutanoni. Mnapokaa na wakubwa wa kampani kuzungumza juu ya mshahara, zungumzeni pia juu ya dawa ya watoto, maana ni jambo moja.

Na ninyi wamama, mtoto akifa, lieni, ni haki yenu. Lakini baada ya kilio ulizeni swali lile aliloliuliza mama wa René: amekufa kwa ugonjwa, au kwa sheria, au kwa feza? Ulizeni pamoja, kwa sauti, mpaka mjibiwe.

Mungu ampumzishe Mama Andrée Blouin, na mtoto wake René pamoja naye. Uhuru uingie katika kila nyumba.