Semina za Uandishi kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza: Namna ya Kuziunda na Kuzifundisha

Utangulizi

Mwanafunzi anayetoka kidato cha sita huja chuoni akijua kuandika insha ya aina moja: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Umbo hilo limemfaulisha mtihani wa taifa, hivyo hana sababu ya kuliacha. Sisi tunamdai kingine: atoe dai linaloweza kupingwa, alitetee kwa ushahidi na amjibu mpinzani. Ili kumsaidia, tunampeleka kwenye kozi ya Stadi za Mawasiliano, mara nyingi katika ukumbi wa mamia, ambako anahadhiriwa kuhusu uandishi bila kuandika sana. Mada hii inapendekeza uandishi ufundishwe ndani ya somo lenyewe, katika semina ndogo, na inatazama mambo mawili yanayoibeba semina hiyo: swali na rasimu.

Mfano wa Cornell

Mwaka 1966, Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani kiliacha kuitegemea idara ya Kiingereza peke yake katika kufundisha uandishi, kikazishirikisha idara nyingine. Leo mwanafunzi anaweza kujifunza kuandika katika semina ya historia, falsafa au muziki. Usomaji kwa wiki hauzidi kurasa 75 hivi, karibu nusu ya muda wa darasa ni wa uandishi, na kila mwanafunzi huonana na mwalimu ana kwa ana walau mara mbili kwa muhula. Funzo kwetu ni kwamba kuandika hakupati nafasi mpaka mhadhiri akubali kupunguza maudhui.

Swali

“Jadili athari za ukoloni katika elimu ya Tanganyika” ni swali linaloita hoja sita zilezile. Tulinganishe na hili: “Katika Elimu ya Kujitegemea (1967), Nyerere anataka shule ziwe na mashamba. Mzazi mkulima aliyempeleka mwanawe shule ili aepukane na jembe angempinga kwa hoja gani? Je, Nyerere amemjibu? Chukua msimamo kwa maneno 800.” Matini ni fupi, mgogoro ni wa kweli, na madesa ya mwaka jana hayamsaidii mtu. Aya ya kwanza iandikwe darasani kwa mkono, ili mhadhiri aijue sauti ya mwanafunzi kabla ya programu za akili bandia kumsemea.

Rasimu

Insha ikirudi na alama, mwanafunzi hutazama alama na kuifungia. Rasimu ikirudi kabla ya alama, atasoma maoni kwa sababu bado ana la kuokoa. Akiandika, “Sera hii ilikuwa na faida na hasara,” mhadhiri aulize pembeni: “Faida kwa nani? Nani alibeba hasara?” Maswali mawili ya namna hiyo yanatosha kuigeuza aya nzima. Makosa ya sarufi yawekewe alama katika aya moja tu; mwandishi ayatafute mwenyewe katika zilizobaki.

Tatizo la idadi

Darasa la wanafunzi 300, kila mmoja kurasa 4, ni kurasa 1,200. Hakuna mhadhiri wa kuzisoma peke yake mara mbili. Hata hivyo, katika kozi nyingi saa za semina tayari zimo kwenye ratiba. Tatizo ni kwamba huishia kwenye “kazi ya kikundi” ambayo mmoja anaandika na tisa wanaorodhesha namba za usajili. Saa hizo ndizo tunazozihitaji.

Mapendekezo

1. Kila idara iteue kozi moja ya mwaka wa kwanza, iigawe katika makundi ya wanafunzi 20, na ipunguze mihadhara kadiri inavyoongeza semina.

2. Badala ya kazi tatu kwa muhula, iwepo moja yenye hatua tatu: rasimu ya kwanza isomwe na mwanafunzi mwenzake kwa mwongozo, ya pili na mkufunzi, ya tatu isahihishwe.

3. Wakufunzi wasaidizi wasahihishe pamoja insha chache kabla ya muhula, hadi wakubaliane hoja nzuri ni ipi.

4. Sehemu ya alama za kazi za muhula itolewe kwa mabadiliko kati ya rasimu. Mwanafunzi hufuata zilipo alama. Tusipozihamisha, ataendelea kutuletea hoja sita.