Simu Inayomchunga Mgonjwa

Msikilizaji, simu janja inaweza kuhisi usingizi ukipungua, matembezi yakikatika na maongezi yakififia, dalili ambazo kwa mwenye skizofrenia huweza kutangulia kuugua upya. Kutoka Kahama hadi hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, ni mbali; onyo la mapema ni neema. Lakini mtu ambaye ugonjwa humnong'oneza kwamba anafuatiliwa, utamwombaje akubali kufuatiliwa? Mimi naona aulizwe akiwa ametulia, aonyeshwe kinachochukuliwa, nani atasoma, na pa kubonyeza kuzima. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Na kule machimboni Nyarugusu, nyumba yenye simu moja, mama anaitumia kutuma pesa, mtoto anaichezea usiku: utapimwa usingizi wa nani?