Meza ya Zege

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka Mei 1 kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Basi leo tumtazame fundi aliyeitwa Ujiji kujenga upya meza ya zege ya jikoni.

Kabla ya kuchanganya saruji, na amwulize mama wa nyumba kimo kinachomfaa. Ndiye atakayesimama hapo kila siku akiandaa migebuka. Meza ikiwa fupi mno, mgongo wake utaumia. Amweleze waziwazi gharama ya saruji, nondo na vigae, wala asipunje saruji kwa kuwa vigae vitaficha. Zege jipya humwagiliwa maji siku 7. Aharakishaye malipo humwachia mwenzake nyufa.

Nasi wenye nyumba, tusigeuze mapatano kazi ikiisha, tukazuia ujira. Ahadi ni deni.

Wengi wa jirani zetu wa Ujiji ni Waislamu, hawaji kusikiliza mahubiri yetu kanisani. Lakini kazi ya mikono yetu wanaiona kila siku jikoni mwao. Mtakatifu Yosefu atuombee, kazi hiyo isiikanushe imani yetu. Amina.